Gran Turismo 7 kwenye PS4: nimezima intaneti nione kinabaki nini

Mambo vipi wanangu, karibuni tena. Leo narekodi nikiwa geto hapahapa Mwanjelwa, mwezi wa saba huu na baridi la Mbeya mnalijua, mkiniona na jaketi na kofia ndani ya chumba msishangae. Mkononi nimeshika Gran Turismo 7 ya PS4, gemu ya mbio za magari, kava hilo hapo, ndani kuna diski mbili, moja ya kuinstoo na moja ya kuchezea, nimeichukua mtumba kwa elfu hamsini. Naomba leo tuiongelee taratibu kwa sababu kila siku mtu ananiuliza kaka hii gemu ninunue au niache, halafu ukimuuliza umeangalia rivyuu gani unakuta ni za watu wa nje ambao bando kuisha katikati ya mbio hawajawahi kukutana nalo maishani mwao.

Ndio maana mimi kila gemu naipima kwa njia yangu, nacheza wiki mbili kawaida halafu nazima hotspoti ya simu na kuangalia kinachobaki. Hapo tutafika. Kwanza niwaambie nilichokipenda, na nimekipenda sana.

Gemu inaanza hivi, wanakupa hela kidogo wanakupeleka duka la magari yaliyotumika, yaani mtumba kama wetu tu, unaambiwa chagua gari lako la kwanza. Mnajua magari gani yapo? Toyota Aqua, Honda Fit, Mazda Demio. Wanangu! Nilisimama kabisa. Sisi tumezoea gemu za magari zikifunguka unakutana na Ferrari na Lamborghini ambazo kwa macho hujawahi kuziona, hapa napewa Demio, gari ambalo nikitoka nje sasa hivi nikasimama Kabwe dakika tano yatanipita sijui mangapi. Na usukani uko kulia kama huku kwetu, maana ni magari ya Japani yenyewe. Nikachukua Aqua, nikaweka kamera ya ndani ile inayoonyesha dashibodi, nikakaa tu naangalia, ile skrini ya katikati juu ya dashibodi ipo vilevile kama ya teksi niliyopanda wiki iliyopita kwenda Uyole.

Halafu linaendeshwa kama Aqua kweli. Ukiingia kona na spidi kubwa pua inakimbilia nje, unakata usukani gari linakataa, linaenda moja kwa moja. Sasa kuna mjomba wangu anaendesha semi, mizigo ya Dar kwenda Tunduma, miaka mingi ile barabara, alipita hapa kunisalimia akanikuta nasota na mtihani wa leseni. Maana humu kuna leseni pia, unaanza National B unapanda, na kila mtihani una shaba, fedha na dhahabu. Mimi nilikuwa nimeganda kwenye fedha saa nzima, mtihani wenyewe ni kona moja tu. Mjomba hajawahi kushika pedi ya PS4 maisha yake, akaniangalia weee, akasema, "Mjomba, breki unaimaliza kabla ya kona, ukiingia nayo ndani imekula kwako. Ungekuwa na tani thelathini nyuma saa hizi uko korongoni." Akachukua pedi. Ya kwanza akatoka nje ya barabara, ya pili akatoka, nikamwonyesha kwamba R2, kile kitufe cha mafuta, hakikanyagwi chote, unakibonyeza kidogokidogo kama pedeli yenyewe, ya tano akapata fedha. Mimi nilipochukua na kufunga breki mapema kama alivyosema, dhahabu. Sasa ukimuona dereva wa semi anakufundisha gemu kwa akili ileile anayoshukia nayo Mlima Nyoka, ujue waliotengeneza walifanya kazi yao. Polyphony Digital hawa wako kwenye hii biashara tangu 1997, ile Gran Turismo ya kwanza kwenye PlayStation ya kwanza, na bosi wao Kazunori Yamauchi ni mtu wa magari haswa, anakimbiza mwenyewe mbio za kweli.

Ukishapata gari kuna mgahawa, unakwenda unapewa menyu, lakini menyu yenyewe ni orodha ya magari matatu ya kukusanya, unashinda mbio unayapata, ukirudi wanakupa historia yake, lilitoka mwaka gani, kwa nini watu walilipenda. Magari wakati inatoka yalikuwa zaidi ya 400 na wamekuwa wakiongeza mengine bure kwenye apdeti. Na ile Nürburgring ndefu, barabara ya mbio ya Ujerumani, kilomita 20 na ushee, mzunguko mmoja tu kona hazihesabiki, mimi naifananisha na kupanda Kawetere kwenda Chunya, ile hali ya kwamba ukimaliza kona hii nyingine inakusubiri na huioni. Picha kwenye PS4 ya kawaida ni safi, feni inapiga kelele kiasi, hiyo nitakuwa muongo nikisema haipigi, lakini haikwami.

Sasa tuje kwenye kipimo.

Angalieni kioo. Nazima hotspoti, simu hiyo naiweka pembeni, gemu nimeifunga naifungua upya. Inajaribu kuunganisha... imeshindwa. Haya, mgahawa hauingiliki. Karakana, yaani magari yangu yote niliyohangaikia wiki mbili, Aqua yangu ile, haifunguki. Duka la mtumba halifunguki, leseni hakuna. Kilichobaki ni Music Rally, ile ya kuendesha huku wimbo unapiga, na mbio chache za arcade na magari machache wanayokuchagulia wao. Basi. Diski mbili, GB kibao kwenye hard disk ya PS4, na bila intaneti unabaki na kitu cha kuchezea nusu saa.

Na hii siyo mbio za kushindana na watu wengine mtandaoni, hapo ningeelewa. Hii ni kempeni, niko peke yangu, nashindana na magari ya kompyuta ndani ya chumba changu. Yamauchi aliwahi kueleza kabla haijatoka kwamba ni kwa ajili ya kuzuia watu kuchezea faili za sevu, yaani kumbukumbu ya ulipofikia, na kudanganya. Sawa, nimemwelewa, lakini mbona dawa ipo, tenganisha sevu, yangu ya peke yangu ibaki kwangu na usiiruhusu kuingia kwenye mashindano, mimi nikijidanganya chumbani namuumiza nani?

Na mkumbuke hili siyo la kwetu wa bando peke yetu. Gemu ilitoka tarehe 4 Machi 2022, tarehe 17 mwezi huohuo wakaleta apdeti 1.07 ikawa na tatizo, seva zikazimwa zaidi ya saa 30. Dunia nzima, mtu yuko Japani, yuko Uingereza ana fiber, diski anayo, kempeni hachezi. Tena apdeti ileile ilikuwa imepunguza zawadi za baadhi ya mbio, kwa hiyo magari ya bei yakazidi kuwa mbali. McLaren F1 humo wakati ule ilikuwa kredit milioni 18 na nusu, kredit ndiyo hela ya ndani ya gemu, halafu dukani kredit milioni 2 zilikuwa zinauzwa kwa hela ya kweli karibu dola 20, pigeni hesabu wenyewe. Watu waliwaka, alama za wachezaji kule Metacritic, tovuti inayokusanya alama za rivyuu, zikaanguka chini ya 3 kwa 10, ikabidi Yamauchi ajitokeze aeleze, wakagawa kredit milioni moja bure na mwezi wa nne wakapandisha zawadi. Hilo la kurekebisha nawapongeza.

Lakini ninachotaka mkione ni huku, rivyuu za magazeti makubwa wastani wake ni 87 kwa 100 na bado ziko vilevile. Ziliandikwa kabla gemu haijafika kwa watu, na wengi walioandika lile duka la kredit walikuwa hawajaliona likifanya kazi. Siwaiti waongo, walichokicheza kilikuwa kizuri na mimi nimesema ni kizuri, ila namba 87 haimsaidii dogo wa Igawilo anayechanga elfu tano tano mpaka ifike hamsini. Yeye anataka kujua nikifika nyumbani nikaweka diski, itawaka? Hilo swali ndilo liwe la kwanza kwenye rivyuu, kabla ya picha, kabla ya sauti, kabla ya chochote.

Maana niwaambie yaliyonikuta. Nilipoiweka mara ya kwanza ikadai apdeti ya makumi ya GB, kwa bando la simu hapo unauza nini? Ikabidi PS4 niivingirishe kwenye shuka, niitie kwenye begi la mgongoni, nikapanda boda mpaka Forest kwa rafiki yangu mwenye waifai ya nyumbani, boda nikamwambia kaka matuta taratibu nimebeba mtoto. Ikalala huko usiku mzima ikishusha. Na kibanda nilichonunulia, sitakitaja, waliniambia "hiyo haina shida kaka, unaweka unacheza". Ndugu zangu mnaouza diski, semeni ukweli tu, mteja akijua atajipanga.

Akaunti nayo, ukifungua ya PlayStation ukashuka kwenye orodha ya nchi Tanzania haipo, wengi tunasajili ya Afrika Kusini au Marekani tunaendelea na maisha. PS Plus, ile huduma ya kulipia ya PlayStation, hauihitaji kwa kempeni, hilo walau. Na ukishamaliza ile apdeti kubwa, kucheza kwenyewe hakuli bando sana, ni kuunganishwa tu. Shida ni siku mtandao ukiyumba, kama juzi umeme ulikatika jioni, uliporudi simu ikawa inaandika E, yaani mtandao wa kujikokota, nikakaa na pedi mkononi naangalia skrini ya mwanzo.

Hofu yangu kubwa ni kesho. Ipo gemu nyingine ya magari, The Crew ya Ubisoft, ilitoka 2014, tarehe 31 Machi 2024 wakazima seva na ikafa yote, hata sehemu ya kucheza peke yako, diski ikabaki ya kutegea kikombe. Ndipo ikaanza ile kampeni ya Stop Killing Games, na mwaka 2025 saini za watu wa Ulaya zikavuka milioni moja kutaka gemu ziachwe kwenye hali ya kuchezeka zikishaachwa na wenyewe. Sisi saini zetu hazihesabiki kule, ila tunaathirika kuliko wao, maana gemu ikifika kwetu kwa mtumba imeshapita mikono mitatu na umri wake umeenda. Kinachonipa moyo ni kwamba Polyphony haohao walipozima seva za Gran Turismo Sport tarehe 31 Januari 2024 waliiacha ichezeke bila intaneti, ukiwa nayo leo kempeni yake inaenda. Kwa hiyo wanaweza. Naiomba hiyo kwa 7, na naomba wasisubiri mpaka siku ya kuzima.

Kununua sasa. Kama una waifai nyumbani au kazini wanakuruhusu kushusha, na bando lako ni la mwezi, nunua, utanishukuru, hasa kama unapenda magari kama magari na siyo fujo tu. Kama wewe ni wa bando la siku, au uko kijijini huko Rungwe mtandao mpaka upande kilimani, acha kwanza, tafuta Need for Speed Heat ya 2019, ile ya kucheza peke yako inaenda bila intaneti, siyo tamu kama hii kwenye usukani lakini ni yako muda wote. Na mwenye PS2 bado inapumua aitafute Gran Turismo 4, magari zaidi ya 700, unaweka diski inawaka.

Wiki ijayo napima nyingine. Wa Iringa, Njombe, Songwe, andikeni hapo chini mna diski gani mnataka niizimie intaneti, na walioko hapa mjini mnaweza kuniletea kabisa, nawarudishia siku ileile. Mjomba amepiga simu yuko njiani kutoka Tunduma, ngoja niwashe hotspoti, amesema leo anataka dhahabu.