Sumaku za neodimi "N42SH": nguvu ipo, ila hiyo SH siioni

Wakuu, niliagiza mtandaoni sumaku 20 za neodimi, zile za duara, kwa ajili ya jenereta ndogo ya upepo ninayoiunda mwenyewe, nimekaa nazo miezi mitatu sasa.

Nguvu kwa kweli sina la kusema. Mbili zikishikana usijaribu kuzivuta moja kwa moja, utajichosha bure, unazitelezesha kwa pembeni ndo zinaachia, na vidole uviangalie maana mimi kucha moja imeshageuka nyeusi. Halafu zinameguka kama kigae, moja iliirukia mwenzake ikavunjika ukingo, na ile nikeli ya juu ikishatoka basi kutu inaanza fasta. Hilo simlaumu muuzaji, neodimi zote ziko hivyo.

Ninachomlaumu ni hizo herufi mbili, SH, alizoandika kwenye jina. 42 ni kiwango cha nguvu tu, kinachokwambia sumaku inavumilia joto kiasi gani ni herufi za mwisho: N tupu mwisho wake kama nyuzi 80, SH inatakiwa ifike 150. Jenereta ikifanya kazi inachemka ndani, ndo maana nikalipa zaidi kupata SH. Nikachukua moja nikaiweka kwenye oveni nyuzi 120 saa nzima, nikaiacha ipoe kabisa, nikaining'inizia ndoo nikawa naongeza maji kidogo kidogo. Ambayo haikuingia oveni ilibeba ndoo imejaa, hii iliangusha ndoo maji hata nusu hayajafika, na sumaku ikishapoteza nguvu hivyo hairudi yenyewe hata ukiisubiri mwaka. Kumuuliza muuzaji, eti herufi ni za kiwanda tu, sumaku zote ni kitu kimoja.

Si kitu kimoja bana. Ili sumaku ivumilie joto kwa kawaida inaongezewa disprosi au terbi, metali mbili za kundi la madini adimu, na hapo ndo pana shughuli. Watu wakisikia madini adimu wanadhani yote 17 hayapatikani, wakati seri, mojawapo ya hayo 17, ipo kwenye ardhi karibu sawa na shaba, na viwanda vinabaki nayo kibao havijui vimuuzie nani. Ila hizi nzito kama disprosi nyingi zinatoka kwenye udongo wa kusini mwa China na jimbo la Kachin kule Myanmar, na hata ukizichimba kwingine kazi ngumu ni kuzitenganisha, maana zinafanana tabia mpaka unazipitisha kwenye matangi ya kemikali mamia ya hatua. Kazi hiyo kwa miaka mingi imefanywa China karibu yote. Hata mgodi wa Mountain Pass wa Marekani ulikuwa unachimba halafu mzigo unapelekwa China kusafishwa, wameacha 2025 tu hapo.

Sasa Aprili 2025 China ikasema aina 7 za madini hayo, disprosi na terbi zikiwemo, pamoja na sumaku zenyewe, hazitoki bila kibali. Mei Ford wakafunga kiwanda chao cha Chicago wiki nzima kwa kukosa sumaku, yaani Ford! Mwezi huohuo Lynas, kampuni ya madini ya Australia, wakatoa disprosi yao ya kwanza kule Malaysia, nje ya China, ila hiyo ni tone. Sasa kampuni kubwa kama hiyo inakosa sumaku, halafu huyu jamaa yeye anazo SH za kumwaga tena na punguzo juu? Hapo ndo nilitakiwa kushtuka kabla sijalipa, sikushtuka.

Kufungasha alifungasha vizuri, vipande vya plastiki katikati na bati pembeni, mzigo ulifika kwa wakati. Pesa amerudisha nusu baada ya kumtumia video ya ndoo. Sumaku zilizobaki nimezibandika ukutani zinashika spana na bisibisi, kazi hiyo zinaifanya safi sana. Za jenereta nimeagiza kwa mwingine ambaye kabla hata sijalipa alinitumia karatasi ya vipimo ya kiwanda yenye mchoro wa joto, na hizo nazo zikifika moja inaingia oveni.

Nyota mbili. Angeandika N42 tupu ningempa nne na nusu, hiyo nusu naikata kwa ajili ya kucha yangu.