Hilux yako: feni klachi, feni ya umeme au puli ndogo, ununue kipi kwanza?

Wakuu wenye Hilux na pikapu nyingine za kazi, kuna haya maneno yanazunguka sana gereji kwamba ukitoa feni ya mkanda ukaweka ya umeme, alafu puli ya krenki (lile gurudumu la mbele ya injini linalozungusha mikanda) ukaibadilisha ukaweka ndogo, gari inakuwa nyepesi, inavuta, na mafuta yanashuka. Ukweli upo ndani yake ila ni mdogo kuliko hela utakayotoa, na kwa gari inayobeba mzigo mpangilio wa kununua unageuka kabisa. Nazungumzia zaidi injini za dizeli za 2L, 3L, 5L na 1KD maana ndio zimejaa, mwenye injini ya petroli ya 2TR naye asome tu, mengi yanamhusu.

Namba 1: Feni klachi nzima na kava lake

Hii watu hawaipendi kwa sababu haina mbwembwe, huwezi kufungua boneti ukamuonyesha mtu. Lakini ndio ya kwanza na inaziacha nyingine mbali. Ile feni ya mkanda haijakaza moja kwa moja kwenye wota pampu, katikati pana klachi yenye mafuta ya silikoni na mbele yake kuna springi ndogo ya bati inayosikia joto la hewa inayopita kwenye rejeta. Rejeta ikiwa baridi feni inateleza, inazunguka kivivu na haili nguvu ya maana. Rejeta ikipata moto springi inafungua njia, silikoni inaingia inapotakiwa, feni inashika na utaisikia kabisa inavuma. Kwa hiyo ile nguvu unayotaka kuiokoa kwa feni ya umeme, klachi nzima inakuokolea tayari sehemu kubwa ya safari.

Shida ni kwamba klachi nyingi za mtaani zilishakufa zamani. Nyingine imevuja silikoni, haishiki, gari inachemsha kwenye foleni na kwenye mlima. Nyingine fundi kaipiga bolti ikawa dairekti, inaunguruma muda wote hata asubuhi ya baridi, inakula mafuta, na ukikanyaga sana mapanga yanazunguka kasi ya kutisha. Mwenye hii ya dairekti ndiye utamsikia anasifia feni ya umeme kwamba gari imekuwa nyingine, na hadanganyi, ila angefunga klachi mpya angepata karibu kilekile bila kukata waya hata mmoja.

Kuipima ni rahisi. Injini imezimwa na imepoa, zungusha feni kwa mkono, inatakiwa ikupe ubishi kidogo. Ikizunguka yenyewe mizunguko kadhaa imekufa, isipozunguka kabisa imeganda, ukiona michirizi ya mafuta yenye vumbi katikati ya klachi imevuja, na ikicheza mbele na nyuma beringi imeisha. Kama beringi bado nzima unaweza usinunue klachi mpya, Toyota wenyewe wanauza silikoni ya kujazia, tyubu za 18 ml, kuna nzito na nyepesi (namba za uzito wake ni 3,000, 6,000 na 10,000), inafunguliwa inasafishwa inajazwa. Ukiamua kununua mpya tafuta ya chapa ya Aisin kwenye duka unaloliamini, na ikague, maana boksi zuri halithibitishi kitu.

Na kava, ile plastiki inayoizunguka feni, kama haipo tafuta. Bila hiyo feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuipitisha kwenye rejeta, na hakuna klachi itakayokusaidia. Themostati, ile vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto, nayo kama fundi aliitoa irudishe tu.

Namba 2: Feni ya umeme ya mtumba kutoka gari kubwa, pamoja na kava lake

Hii ni kwa mwenye sababu. Sababu nzuri kuliko zote ni maji, kama unavuka mito na madimbwi marefu. Feni ya mkanda ikiingia kwenye maji ikiwa inazunguka mapanga yanaweza kupinda yakachana rejeta, ya umeme unaizima kwa swichi unavuka unaiwasha. Sababu nyingine ni foleni za mjini, kwa sababu feni ya umeme haijali injini iko silensa (inaunguruma tu bila kukanyaga mafuta), inavuta vilevile.

Lakini hapohapo ndio udhaifu wake. Ukiwa na tani moja nyuma unapanda mlima Kitonga kwa gia ya pili, spidi ndogo, mizunguko ya injini iko juu, feni ya mkanda inaongeza nguvu kwa sababu injini inaizungusha zaidi. Ya umeme imefika mwisho wake na haina cha kuongeza. Gari ya mzigo mzito na milima ningeiacha na klachi.

Ukinunua, chukua seti nzima, mota, mapanga na kava, inayofunika rejeta yako karibu yote. Pale dukani iwashwe kwa betri, sikiliza beringi, na kama fundi umeme ana klampu mita apime ampea. Feni moja kubwa inakula 15 hadi 25, mbili zinapita 30, na wakati wa kuanza inavuta zaidi ya hapo. Kwa hiyo waya wa redio hapana, weka waya mnene, rilei ya ampea 40 na fyuzi karibu na betri. Sensa iiwashe juu kidogo ya themostati, kama themostati ni nyuzi 82 basi feni iwake kwenye 92 hivi, ikiwaka kwenye 80 haitazima milele. Na yenye AC lazima AC ikiwaka feni iwake, wengi wanasahau hapa wanalalamika AC haipozi.

Mafuta je? Ampea 25 ni kama wati 340, na kwa hasara za altaneta injini inatoa kama wati 600, yaani haifiki hata nguvu ya farasi mmoja. Ndogo ndio, ila klachi inayoteleza nayo haili nyingi, usitegemee maajabu kwenye risiti ya sheli.

Namba 3: Zile feni nyembamba za boksi

Bei rahisi, zinang'aa, inchi 14 au 16. Kama msaidizi mbele ya kondensa ya AC sawa, ila kuwa feni pekee ya dizeli ya kazi hapana, mota zake ndogo. Alafu zinakuja na zile pini za plastiki za kuchomeka katikati ya rejeta, usikubali, zinasuguana na mapezi mpaka rejeta inavuja, tengeneza bracketi. Na hakikisha upande, iliyoko nyuma ya rejeta ivute na iliyoko mbele isukume, nimeona zimefungwa zinashindana na upepo.

Namba 4: Puli ndogo ya krenki

Ya mwisho na kwa dizeli nasema usinunue. Hesabu yake iko hivi, puli ya milimita 150 ukiweka ya 120, kila kinachovutwa na huo mkanda kinapungua asilimia 20. Kama bado una feni ya mkanda, umepunguza feni na wota pampu kwa pamoja, gari itachemsha. Kama umeweka feni za umeme, altaneta iliyokuwa inazunguka mara 1,500 kwa dakika kwenye silensa sasa ni 1,200, na ni kwenye foleni hiyohiyo ndipo feni na AC zinataka umeme mwingi zaidi, unampunguzia mpishi kuni huku unamuongezea wageni. Hivi vitu viwili vinauzwa kama ndugu lakini kwenye foleni vinagombana.

Na kuna la breki. Kwenye 2L, 3L na 5L ile pampu ya vakyum ya breki iko nyuma ya altaneta, ukiipunguza altaneta umepunguza na hiyo, pedeli inaweza kuwa ngumu ukikanyaga mara kadhaa injini ikiwa chini. Tena puli nyingi za orijino zina raba katikati, kazi yake kumeza mtikisiko wa krenki, na dizeli inatikisika kuliko petroli. Ile ya aluminiamu tupu haina hiyo raba. Mwenye petroli ya mashindano anayetaka kila farasi, basi aiache ya krenki na raba yake, aongeze ukubwa wa puli ya stering pawa peke yake, apime na mkanda mpya kabla hajatoka gereji.