Ziara ya gati la Derby, Salem: nimeenda mara moja na ningelipia tena

Wadau, kama kuna mtu anapanga kufika Salem, Massachusetts, nawaomba msome hii kabla hamjalipia ziara ya wachawi. Pale karibu kila anayetembeza wageni anauza habari za kesi za uchawi za 1692, na sawa, wale watu walionyongwa bila hatia wanastahili kukumbukwa, ila mimi nlichukua ziara ndogo ya kutembea kwa miguu inayohusu familia ya Derby, matajiri wa meli, na hasa inaeleza hela yao ilienda wapi. Masaa mawili. Tulikuwa watu kama kumi na mtembezaji mmoja, mama wa makamo, anajua hesabu za zile meli utadhani alikuwa karani wao. Jina la kampuni siliweki kwa sababu nina malalamiko nitayasema huko chini.

Mnaanzia kwenye nyumba ya matofali inayotazama gati. Richard Derby aliijenga 1762 kumpa mwanae Elias Hasket ambaye ndo kwanza alikuwa ameoa. Huyu Elias ndiye aliyepeleka meli ya Grand Turk mpaka Canton, China, ikarudi 1787 imejaa mali, na akawa mmoja wa mamilionea wa kwanza kabisa Marekani. Mnaiangalia nyumba kidogo tu, mnatoka.

Sasa sehemu iliyonikaa kichwani. Tumesimama mwanzoni mwa gati, yule mama akatoa kadi kwenye begi akatugawia moja moja. Mimi yangu ilikuwa meli iliyoko njiani, huyu pembeni yangu chai iliyoko ghalani, mwingine deni analotudai mtu wa Boston, mwingine pilipili manga ambayo haijafika, mwingine ushuru wa forodha. Halafu akauliza, haya, nani kati yenu ana hela taslimu? Tukatazamana. Hakuna. Akasema basi mmeshaielewa biashara ya Derby, na kweli tulielewa, maana mtu anaitwa milionea kumbe milioni yenyewe inaelea baharini, safari moja ya mashariki inakula zaidi ya mwaka, na huku mabaharia, maseremala wa meli na forodha wote wanataka chao leo.

Ndo akatupa kisa cha chai. Baada ya Grand Turk kurudi na faida kila mwenye meli akaikimbilia China, na Derby mwenyewe kwenye msimu wa 1789 alikuwa na meli nne kwa mpigo pale Canton. Chai ikamwagika Marekani kuliko wanywaji, bei ikaporomoka, na ushuru wa shehena yote ulikuwa unadaiwa hata kama hakuna aliyenunua kikombe. Huyo ndo tajiri namba moja wa Salem, mali ipo mpaka darini na bado anaweza kufilisika kwa sababu ya kodi! Akaandika maombi kwa bunge, aruhusiwe kuiweka chai ghalani chini ya ulinzi wa serikali na alipe ushuru kadiri inavyouzika, na hicho kitu kikakubaliwa. Watu wengi wanaofanya biashara ya mizigo wanatumia maghala ya namna hiyo mpaka leo na hawajui kuna mtu alikuwa anatafuta pa kupumulia. Kwangu mimi hapo tu hela yangu ilisharudi.

Gati ni refu, na upepo wa pale ni mkali jamani. Mtembezaji hana kipaza sauti, nusu ya maelezo ya vikwazo vya Rais Jefferson sikuyasikia, ikabidi nimfuate mbele kabisa nimuulize upya, na hilo ndo lalamiko langu la kwanza. Ni kitu cha kukisikia vizuri kwa sababu Desemba 1807 serikali yao yenyewe ilizuia meli za Marekani zisiende nchi za nje, mauzo ya nje yakashuka kutoka dola milioni 108 mwaka huo hadi milioni 22 mwaka 1808, na gati kama lile likawa limejaa meli zilizokaa bure. Kizuizi kikaondolewa 1809, miaka kama mitatu baadaye vita na Uingereza hiyo hapo.

Lalamiko la pili ni zito zaidi. Familia hii ilianza kwa kupeleka samaki mkavu visiwa vya Karibi na kurudi na sukari na molasi, na wale samaki wa daraja la chini kutoka New England walikuwa chakula cha watumwa wa mashamba ya miwa. Yule mama alipita hapo kwa sentensi moja akarudi kwenye chai. Nlimwambia waziwazi mwishoni, ukitugawia kadi kumi za hela basi moja ilibidi iwe hiyo, kwa sababu mtaji wa kwenda China haukuanguka kutoka mbinguni. Alinisikiliza vizuri, sikuona akikasirika, natumaini atairekebisha. Vilevile hakugusia kabisa kwamba manahodha wa Salem wa kizazi kilichofuata ndio waliojaa Zanzibar na kile kitambaa tunachokiita marekani mpaka leo, na balozi mdogo wao wa kwanza pale, 1837, alitoka Salem. Mimi ndo nlimwambia.

Mnamalizia uwanja wa Derby, mjini, mbele ya ukumbi wa zamani wa mji. Elias alijenga kasri hapo, Samuel McIntire alilisanifu, likakamilika 1799. Mkewe alifariki Aprili mwaka huohuo, yeye Septemba. Hawakulala humo hata mwaka. Mali ikagawanywa kwa watoto, aliyerithi kasri akashindwa kuligharamia, likakosa mtu wa kulibeba na 1815 likabomolewa, halafu kiwanja ndo kikajengwa ukumbi huo. Mtembezaji alituonyesha picha ya mchoro wa kasri hilo, akaishika sawasawa na pale ghorofa ya juu ingekuwa, nyuma yake kuna hewa tu na njiwa.

Mkienda vaeni koti, simameni karibu na mtembezaji, na msirudishe kadi mpaka mmeuliza maswali yenu yote.