Niliuliza baiti, nikaulizwa kama mimi ni mashine

Sikupanga kuandika tathmini hii ya darasa, lakini nikinyamaza nitapasuka.

Kuna darasa moja la jioni hapa Mombasa kisiwani, ghorofani, feni moja kwa watu wote, wanafundisha asembli (lugha ya amri za kichakato chenyewe) na matumizi ya dibaga (programu ya kuchungulia ndani ya programu nyingine). Mie nakaa Likoni. Nikitoka kazini nabaki mjini, na somo likiisha naenda kupanga foleni ya feri na wenzangu waliochoka. Ada ya kila mwezi nilikuwa nalipa yote, tena mapema. Msije mkasema sikuwa na nia.

Siku hiyo, wiki tatu au nne zilizopita, tuko ndani ya GDB, dibaga yetu ya darasani. Mwalimu katufungulia ule mpangilio wa asembli, amri tupu juu mpaka chini, bila baiti, zile namba ambazo mashine ndizo inazosoma. Nikaona call 0x401126, yaani ita funsheni (kipande cha programu) iliyo kwenye anwani hiyo ya kumbukumbu; namba za msingi wa kumi na sita hizo. Nikanyoosha mkono: mwalimu, hiyo 401126 imekaaje kwenye kumbukumbu? Hatuwezi kuziona baiti zenyewe?

Akacheka kwanza. Kisha akasema, "Dada, baiti ni za mashine. Kwani wewe ni mashine?"

Darasa likaangua kicheko. Yule kijana wa kiti cha mbele, ambaye kuhifadhi faili tu kunamshinda, ndiye aliyecheka mpaka akapaliwa.

Nilinyamaza. Hasira ilinipandia kwenye feri. Sisi ni watu wa bandari jamani! Nani hapa ataamini karatasi iliyobandikwa kwenye kontena bila kulifungua akaona mzigo?

Usiku huohuo nikaandika help disassemble. Kumbe ni mkwaju (/) na herufi moja! disassemble /r main, basi. GDB ileile ya darasani. Baiti zikajipanga kando ya kila amri: 55 ni push rbp, 48 89 e5 ni kunakili rsp kwenda rbp (hizo ni rejesta, vijisanduku vya namba ndani ya kichakato). Nikafungua na ile funsheni yangu ndogo inayorudisha tano, nikakuta b8 05 00 00 00. Baada ya b8, ambayo ndiyo amri, tano imetangulia na sufuri zinafuata, maana x86, aina ya kichakato changu, huanza na baiti ya thamani ndogo. Na ile call iliyoniletea aibu? e8 e7 ff ff ff.

Haya, itafuteni 401126 humo. Haimo! Nilikodoa macho, nikajaribu x/5xb 0x40113a, yaani nionyeshe baiti tano kuanzia pale call ilipo, zikaja baiti zilezile. Ndipo nikaelewa. e8 ndiyo "ita", na zile nne zinazofuata, ukizisoma kuanzia mwisho, ni hasi 25. Unasimama kwenye amri inayofuata, 40113f, unarudi nyuma baiti 25, unatua 401126. Anwani haikuandikwa popote ndani ya ile amri. GDB ndiyo iliyonipigia hesabu kimyakimya ikaniandikia jibu. Na mie nilikuwa nauliza hilohilo!

Kwa hiyo nyota moja.

Ingawa, haki ya Mungu, rejesta alizifundisha vizuri. Kabla yake sikujua rip ni nini wala rax inabeba nini, na steki, lile lundo la kumbukumbu linalotumiwa na funsheni, alituchorea ubaoni mpaka nikaiota. Kama hujui kitu kabisa, nenda, hutatoka mikono mitupu. Tuseme nyota tatu.

La, ngoja. Ama alijua /r akaninyima ili achekeshe watu, ama anafundisha dibaga kwa pesa na hajawahi kusoma maelezo ya amri anayoitumia kila siku. Sijui lipi linaniudhi zaidi. La pili, nafikiri. Nyota moja, na hiyo ni ya ubao.

Nimempelekea picha ya skrini kwa WhatsApp, e8 e7 ff ff ff nimeizungushia wekundu. Tiki mbili za buluu, kimya. Ada ya mwezi huu sijalipa. Tatizo ni kwamba daftari langu liko kwake.