Johnny Cash gerezani Folsom: je, toleo la 2008 linafaa kununuliwa?

Karibuni, watazamaji. Leo ninachambua toleo la mwaka 2008 la albamu ambayo Johnny Cash, mwanamuziki wa kantri wa Marekani, aliirekodi katika gereza la Folsom, California, lenye diski mbili za sauti na DVD moja. Kwa yeyote ambaye tayari ana santuri ya mwaka 1968 yenye nyimbo 16, jibu langu ni kwamba toleo hili linafaa, kwa sababu siku ile Cash alipiga maonyesho mawili na hapa tunayapata yote, ilhali santuri ya awali ilichukua nyimbo mbili tu kutoka onyesho la pili.

Cash alizaliwa mwaka 1932 huko Arkansas, akakulia katika mashamba ya pamba ya Dyess, ambako mwaka 1944 kaka yake, Jack, alifariki baada ya kujeruhiwa na msumeno wa mashine. Wimbo wake kuhusu Folsom, "Folsom Prison Blues", aliutunga baada ya kutazama filamu kuhusu gereza hilo, alipokuwa mwanajeshi wa anga nchini Ujerumani, naye akaurekodi mwaka 1955 huko Memphis. Wakati huo bendi yake haikuwa na mpiga ngoma, hivyo alipenyeza kipande cha karatasi katikati ya nyuzi za gitaa ili likwaruze kama ngoma ndogo. Mdundo ule wa garimoshi, ambao ndio alama ya muziki wake, ulizaliwa kutokana na upungufu huo, na kwangu hiyo ni mojawapo ya habari nzuri kabisa katika muziki wa kantri.

Tarehe 13 Januari 1968, alipoingia Folsom, uraibu wa vidonge vya kulevya ulikuwa umemharibia miaka kadhaa ya kazi. Wafungwa walikuwa wameombwa wanyamaze mpaka ajitambulishe mwenyewe, na ukisikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni utausikia ukumbi mzima ukilipuka mara tu anapotaja jina lake. Sauti yake ina mikwaruzo, na katika onyesho la pili uchovu unasikika wazi, lakini mimi naupenda uchovu huo kwa kuwa unatuonyesha mtu anayefanya kazi na kutoka jasho mbele ya watu ambao hawakuwa na pa kwenda.

Kasoro moja ya santuri ya 1968 lazima niitaje. Shangwe inayosikika baada ya ule mstari wa wimbo wa Folsom, ambapo mwimbaji anasema alimuua mtu katika mji wa Reno, iliongezwa studioni. Wafungwa wenyewe hawakushangilia hapo. Naona lilikuwa kosa kubwa, kwa sababu liliwafanya wasikilizaji wengi waamini kwamba watu wale walifurahia mauaji, ilhali Cash aliwaendea kwa heshima, na mwaka 1972 alikwenda hadi mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani kutetea marekebisho ya magereza.

Ukiipata albamu hii, anza na wimbo unaofunga santuri ya awali, unaohusu kanisa la gereza hilo. Uliandikwa na Glen Sherley, mfungwa wa humohumo. Cash aliusikia kwenye kanda usiku wa kuamkia onyesho, akajifunza, na siku iliyofuata akauimba huku mtunzi mwenyewe ameketi safu ya mbele.