Kamera ya mamilioni kwa kazi ya harusi: ipi ununue, na lini

Unapiga harusi na sendofu kwa Canon 700D, na kila ukiangalia kazi za wenzako unatamani kamera kubwa. Subiri kwanza. Mara nyingi inayokuangusha ni lenzi.

1. Lenzi ya 50mm f/1.8, kamera baki na yako. Ile 18-55 iliyokuja na kamera, ukivuta hadi mwisho, inafunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa na mwanga unaingia mwingi). Ukumbini MC akizima taa bibi harusi aingie, unapandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) mpaka picha inajaa chenga. Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga zaidi ya mara tisa ya huo, na ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa za Canon. Ubaya wake haina zumu: ni wewe kusogea na kurudi nyuma, ukigombea nafasi na mashangazi wenye simu.

2. Kukodi. Kazi kubwa ikija, kodi Sony A7 III kwa siku hiyo na gharama uiingize kwenye bei ya mteja. Ichukue jana yake, maana menyu za Sony si za kujifunzia kanisani. Ukiona kila wikiendi unakodi, hapo sasa piga hesabu ya kununua.

3. Mtumba wa fulufremu, yaani kamera yenye sensa kubwa kuliko ya 700D. Hapa ndipo ningeweka pesa yangu. A7 III ilitoka 2018, ina megapikseli 24, betri inayokaa na sehemu mbili za kadi. Ilipokuja A7 IV mwaka 2021, hii ikawa kaka mkubwa aliyestaafu, lakini kwa picha za harusi hujakosa kitu. Mwenye lenzi nyingi za Canon EF (aina ya mdomo wa lenzi) atafute 5D Mark IV ya 2016. 6D Mark II ni ya bei rahisi zaidi, ila ina sehemu moja ya kadi na video yake haifiki 4K. Kadi ikigoma, ile ndoa haifungwi tena ili wewe upige upya.

Ukaguzi usiufanyie barabarani. Funga f/16, piga ukuta mweupe, kisha kuza picha: vidoa vyeusi ni vumbi kwenye sensa, hilo husafishwa. Skrubu zilizochubuka vichwa zinakwambia kamera imeshafunguliwa na fundi. Uliza shata (pazia linalofunguka kila unapopiga) imepiga picha ngapi. Ya 5D Mark IV ilitengenezwa kwa makadirio ya 150,000. Weka kadi mbili, rekodi kwenye zote.

4. Mpya dukani, kama Canon R6 Mark II. Fokasi yake inashika jicho hata watu wakicheza, na lenzi zako za EF zinaingia kwa adapta. Lakini waranti ya nje isiyotambulika nchini kwako haina faida, basi uliza kabla ya kulipa. Ukiweka shata ya kielektroniki chini ya taa za LED za ukumbi, picha zinaweza kutoka na mistari. Tumia shata ya kawaida.

5. Canon R5. Megapikseli 45 za nini, kwa albamu na WhatsApp? Mafaili yatakulazimisha kununua kompyuta nyingine. Hii muachie anayepiga mabango.

Kuhusu wakati: Kwaresima na Ramadhani harusi hupungua, na wapo wanaouza vifaa kwa sababu mkono umekauka. Hapo unapata muda wa kupatana na wa kuizoea. Desemba usinunue; utaenda nayo kazini ukiwa bado unatafuta kitufe cha ISO.

Na kwa walio kwenye unyevu wa pwani, Dar, Tanga, Mombasa au Unguja: lenzi ya mtumba imulike kwa tochi ya simu kutokea nyuma. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu. Rudisha, hata ukipunguziwa nusu ya bei.