Kutwa moja kisiwani kutoka Mjini Unguja: safari ipi ulipie?

Kabla hujachagua kisiwa, uliza maji yanajaa saa ngapi siku hiyo. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji ya Unguja hukauka mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, na tofauti hufika kama mita 4. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: yanajaa asubuhi, lakini hayapandi wala hayashuki sana. Usipolijua hilo utauziwa safari ya fungu la mchanga, yaani kisiwa cha mchanga kinachoibuka maji yakikauka, ambalo ukifika liko chini ya maji, na hela haitarudi.

Mimi nazipanga hivi.

Ya kwanza ni Ghuba ya Menai, kwa boti za kijiji cha Fumba zinazokwenda kisiwa cha Kwale. Watu wengi huiita Safari Blue, jina la kampuni moja, hata wakipanda boti ya mtu mwingine kabisa. Naiweka juu kwa sababu ndiyo pekee inayojaza kutwa nzima: mafungu ya mchanga, matumbawe, kisha chakula cha mchana Kwale, samaki wa kuchoma, pweza na wali, na matunda baadaye. Kitu kimoja kikiharibika, vingine vinabaki. Lakini bonde la mikoko pale Kwale linaogeleka maji yakiwa yamejaa tu, kwa hiyo muulize nahodha atawapeleka saa ngapi. Na asubuhi ya bamvua, Fumba hukauka mbali. Mtatembea juu ya mawe na matope hadi kwenye boti. Kama una mzee au mtoto mdogo, chagua siku nyingine, na viatu vya maji ni lazima kwa kila mtu.

Ya pili ni Chumbe, na kama si bei ningeiweka ya kwanza. Matumbawe yake yamehifadhiwa tangu 1994, hakuna kuvua, na idadi ya wageni kwa siku ina kikomo. Ukiinamisha uso majini unaona tofauti papo hapo: samaki hawakimbii. Kuna mnara wa taa wa 1904 wa kupanda, na mwongozaji anayekufahamisha msitu. Weka nafasi mapema, na uulize bei ya mkazi kabla hujakubali ile ya mgeni.

Changuu pamoja na fungu la Nakupenda ni safari ya mwenye watoto au mwenye bajeti ndogo. Kutoka ufukweni mwa Mji Mkongwe ni kama nusu saa. Jela iliyojengwa pale miaka ya 1890 haikuwahi kufungiwa wafungwa. Palitumika kuwaweka karantini wasafiri wa meli. Watoto watawataka kobe, wale wakubwa ambao mbegu yao ililetwa kutoka Seychelles mwaka 1919. Siku za bamvua ondokeni mapema, anzeni na Nakupenda, kobe wafuate mchana. Mapapasi wengi, wale wanaowauzia wageni safari mitaani, huuza kinyume chake siku zote, bila kutazama mwezi.

Mnemba naiweka mwisho, ingawa maji yake ni mazuri mno. Kisiwa chenyewe ni cha hoteli ya binafsi, hushuki. Unachonunua ni kuogelea pembeni mwake, mara nyingi katikati ya boti nyingine nyingi. Ukitokea Mjini, saa kadhaa za siku zinaishia barabarani. Aliyelala Matemwe au Nungwi aende, tena asubuhi na mapema. Upepo wa kusi ukivuma, upande huo huchafuka, na asiyezoea bahari atatapika.

Kuhusu malipo: uliza kama bei ni ya boti nzima au ya kichwa. Watu sita wakikodi boti ya Changuu pamoja, kila mmoja hulipa kidogo sana kuliko akienda peke yake. Kisha taja kimoja kimoja: ada ya hifadhi au kiingilio cha kisiwani, chakula, miwani na mrija, gari la kwenda Fumba. Visivyotajwa mtadaiwa mkiwa tayari majini. Toa sehemu ya hela kwanza, iliyobaki mkisharudi.

Nenda ukaione boti kabla ya siku yenyewe. Jaketi za kuokolea zihesabiwe, na za watoto ziwe saizi ya watoto. Vaa moja, funga mikanda, uivute juu mabegani. Ikipita kichwani, haikufai. Uliza injini ya akiba iko wapi, na turubai la kivuli lipo au la.

Na mkikubaliana, mwambie nahodha mapema kwamba hamtaki kuwakimbiza pomboo. Wakija wenyewe, azime injini mtazame.